Siku Bwana Afya Alipokula Ua la Misheni

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, nyumbani kwetu Matombo palikuwa na ua ambalo halikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Si kwamba lilichukiwa. Lilikuwa limesimama uani, kichaka kirefu kuliko Mjomba, na ikifika mwezi wa sita, kipupwe kimekolea na ukungu umegoma kutoka migombani, liliwaka wekundu mpaka wapita njia wa kule chini walisimama kulitazama. Tuliliita ua la misheni kwa sababu miche yake ya kwanza ilitoka kwa masista. Mjini wanaliita ua la Krismasi, na wenye vitabu wanaliita poinsetia. Sisi wakati wa Krismasi tulikuwa tunaliona kijani kitupu, halina habari na mtu.

Sheria ya kizingiti ilikuwa ya Bibi, mama mzaa mama. Kwetu Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya Bibi kuanzia msingi mpaka paa, na neno lake halikuwa na rufaa. Baba alifanya kazi Morogoro mjini, akija mwisho wa mwezi alisalimia, akala, akanyamaza kama wageni wengine.

"Likiingia ndani linatafuta uhai," Bibi alikuwa akituambia. "Na linaanza na mdogo."

Watoto tulielewa vizuri sana. Mdogo maana yake kifaranga, kisha mbuzi mchanga, kisha paka, kisha mtoto wa mtu, na mtoto wa mtu ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu. Nilipita mbali na kile kichaka kana kwamba kilikuwa na meno. Likikatika jani, lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, na Bibi alisema hayo ndiyo maziwa linayonyonyeshea kifo. Jaribu kulala usingizi mnono baada ya kuambiwa hivyo.

Paka wetu hakuambiwa. Aliitwa Bwana Afya, jina alilopewa na Mama kwa sababu hapakuwa na sufuria iliyofunikwa ambayo hakuikagua, na hakuna aliyemwita kuikagua. Alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi. Usiku wa kipupwe alilala miguuni pangu, na nilimpenda kuliko binamu zangu wengi, jambo ambalo sioni aibu kulisema hata leo.

Sasa, ili uelewe jinsi ua lile lilivyoingia ndani, lazima nikueleze kuhusu Jumapili ya Ekaristi Takatifu. Siku hiyo parokia nzima huandamana, padre amebeba Ekaristi chini ya mwavuli wa dhahabu, watoto wanatupa maua njiani. Barabarani kuna vituo, na kila jumuiya hupamba altare yake kwenye kituo chake. Hakuna mashindano. Ndivyo padre anavyosema kila mwaka. Lakini muulize mama yeyote wa jumuiya kama hakuna mashindano, halafu utazame macho yake.

Mwaka uliotangulia, jumuiya yetu ilipamba kwa ua la misheni, yale matawi mekundu ya kichaka cha Bibi. Tulipoyakata yalikuwa moto wa kuotea mbali. Maandamano yalipofika kituoni kwetu, yalikuwa yamelala yote, yamenyong'onyea, yananing'inia. Mama mmoja wa jumuiya ya ng'ambo ya mto akamwambia Mama, kwa sauti ya kumhurumia, "Dada, mwaka huu mmepamba kwa kisamvu?" Mama alicheka naye. Kisha akalimeza lile neno likakaa tumboni mwake mwaka mzima.

Baadaye sista mmoja alimfundisha. Tawi la ua lile likikatwa humwaga maziwa yake yote na kufa. Dawa yake ni kulichoma mwisho wake kwenye makaa papo hapo, maziwa yagande, ndipo utie tawi kwenye maji. Litasimama mpaka kesho yake bila kulegea. Neno likawa jepesi, ila makaa yalikuwa wapi? Yalikuwa jikoni kwa Bibi, ndani ya nyumba, chini ya dari ya mahindi. Na nje palikuwa na manyunyu yasiyokwisha.

Jumamosi mchana Bibi alijifunga kanga zake za kanisani akaenda misheni kuungama. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akachukua panga.

"Mama, Bibi atasema," nilimwambia.

"Bibi yako amekwenda kuungama, Prisca. Akirudi atakuwa na moyo safi."

Hivyo ndivyo ua la misheni lilivyovuka kizingiti, tawi baada ya tawi, likichomwa kwenye makaa huku linatoa sauti ya kuungua na moshi wenye harufu ya uchungu. Mama aliyapanga kwenye ndoo karibu na ukuta. Jiko lile jeusi kwa masizi likang'aa ghafla. Niliogopa, na wakati huohuo nilijikuta nimesimama nayatazama, kwa sababu sikuwahi kuliona kwa karibu. Ule wekundu wote kumbe ni majani. Maua yenyewe ni yale madogo ya njano katikati, ambayo hakuna anayeyatazama.

Tulitoka nje chini ya upenu kufunga fito za altare. Tulikaa huko muda wa kutosha. Niliporudi ndani kuchukua kamba, Bwana Afya alikuwa amemaliza ukaguzi wake.

Majani mekundu yaliyotafunwa yalikuwa sakafuni. Yeye alikuwa chini ya kigoda, mate yanamtoka kama povu la sabuni, anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, anajipangusa tena. Kisha mwili wake wote ukajikunja, akatapika vipande vyekundu. Kwangu mimi ile ilikuwa damu. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Mlali, upande wa pili wa milima.

Leo ningejua la kufanya. Ninaishi Morogoro mjini, nina paka wawili, na kila Desemba nanunua kopo moja la ua hilihili kwa wauza miche wa barabarani. Kila Desemba pia, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, kuna mtu anatuma picha yake na maneno mekundu: SUMU, LINAUA PAKA NA MBWA. Nilimuuliza daktari wa mifugo. Akaniambia maziwa ya ua lile huwasha mdomo na kuchafua tumbo. Mnyama atatoa mate, atatapika, na mara nyingi yataisha yenyewe. Umfute mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, umwekee maji ya kunywa, umwangalie, na ukiona kutapika hakukomi au mnyama ni mchanga, mpeleke. Kopo liwekwe juu, asikofika. Paka, alisema, waliogope lili, ua lile jeupe refu la harusini, ambalo hata unga wake wa njano unaweza kuwaharibu figo. Hilo la kutisha kweli hakuna bibi yeyote aliyelikataza kuingia ndani.

Lakini siku ile sikuwa na daktari. Nilikuwa na paka anayetapika, na mlangoni alikuwa amesimama Bibi, amerudi kutoka misheni, kanga zimelowa.

Aliitazama ndoo. Akamtazama paka. Hakufoka. Kama angefoka ningepata nafuu, maana kufoka kwa Bibi tulikuzoea. Mama akapiga magoti palepale kwenye majani.

"Mama, nisamehe. Nilitaka yasilale kama mwaka jana."

Kabla Bibi hajafungua mdomo, Mjomba Kosmasi aliingia mbio. Yeye ni kaka yake Mama, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mgomba mmoja, na yowe langu lilimkuta anatengeneza gunia la kubebea ndizi. Alikuja nalo mkononi. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa mambo mazito, na Mjomba wangu alipenda sana mambo mazito.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Huyu atolewe sasa hivi," alisema, akimwonyesha Bwana Afya. "Akifia humu ndani, ua limeshaonja. Atakayefuata ni huyu." Kidole kikahamia kwangu. "Nampeleka ng'ambo ya mto. Akafie huko."

Nilijirusha chini ya kigoda nikamkumbatia paka na mate yake. "Mjomba, usimtupe! Bado anapumua! Mjomba, tafadhali!"

"Prisca, toka hapo. Ni kwa ajili yako."

"Kosmasi," Bibi akasema, "weka gunia chini."

Mjomba alimgeukia. Hata Mama aliinua uso.

"Lakini Mama, si wewe mwenyewe ndiye unayesema kila siku—"

"Najua ninayosema kila siku. Ukimpeleka ng'ambo akafa, tutasema ni ua. Akipona, tutasema alipona kwa kuwa tulimtoa. Hatutajua kitu. Miaka yote hii sijajua kitu." Alikaa chini sakafuni na kanga zake za kanisani, akanyoosha miguu, akatandika upande mmoja wa kanga mapajani. "Nipe paka."

Nilimpa. Bibi alilowesha ncha ya kanga kwenye maji ya mtungi akamfuta mdomo, taratibu, kama anavyofutwa mtoto aliyekula uji. Mama akasema alete mafuta ya nazi anyweshwe. Mjomba akasema maji ya majivu. Bibi akakataa yote mawili.

"Mkimpa dawa akapona, mtasema dawa. Asipewe kitu. Yeye na ua, wawili tu. Mimi nataka nione."

Nimesoma kidogo maishani, na nimekutana na watu waliosoma sana, na sijasikia tena jambo likipimwa kwa ukatili na uaminifu kama ule. Wakati ule sikuelewa. Nilijua tu kwamba paka wangu anaweza kufa mapajani mwa Bibi na Bibi atamwacha, na nilimchukia kwa hilo, machozi yananitiririka.

Nadhani aliyaona. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu, "Mjukuu wangu, mama yako alikuwa na mdogo wake. Anaitwa Felista."

Mama akaweka mkono mdomoni. Mjomba Kosmasi alikaa kwenye kigoda kama aliyesukumwa. Jina lile sikuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile, hata siku moja, hata kwenye sala za marehemu.

Alisimulia kwa maneno machache. Felista alikuwa mdogo wa mwisho. Kipupwe cha mwaka mmoja alipata homa, akawa halali, analia. Kile kichaka kilikuwa kichanga bado, kimetoa maua kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa akililia lile jekundu la nje, akilinyooshea mkono. Bibi akakata tawi moja akalitia kwenye kopo kando ya kitanda chake. Felista akanyamaza, akawa analichezea kwa kidole mpaka akalala. Hakufika Jumapili.

"Mama mkwe alilikuta lile kopo," Bibi alisema. "Akauliza nani kaleta damu ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Nikasema ni mimi. Akasema, basi umemuua."

"Mama," Mjomba akanong'ona, "ilikuwa homa. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa mtoto. Ulisema homa, mkubwa akasema ua. Nani angekusikiliza? Hata mimi sikukusikiliza."

Basi hapo ndipo nilipoelewa, kwa kadiri mtoto anavyoweza kuelewa. Sheria ya kizingiti haikutoka kwa wahenga. Ilitoka kwenye kopo moja kando ya kitanda kimoja. Bibi alikuwa ameitunga ili asiwepo mama mwingine wa kuambiwa alivyoambiwa yeye, na kila alipoitamka alikuwa anajihukumu upya. Na sasa lile shauri zima, la miaka mingi kuliko umri wangu, lilikuwa limelala mapajani mwake lina sikio lililochanika, linatoa mate.

Bwana Afya alitapika tena. Safari hii ilikuwa povu tupu. Kisha akalala ubavu, macho nusu wazi. Niliwaita watakatifu wote niliowajua, na waliponiishia nikaanza kutunga wengine. Mama alishika rozari bila kuisogeza. Mjomba alikunja gunia lake, akalikunjua, akalikunja tena. Manyunyu yakakatika. Kengele ya jioni ikalia misheni, saa ambayo Bibi huacha hata mwiko ndani ya ugali akasimama kusali Malaika wa Bwana. Hakusimama. Mkono wake ulikuwa juu ya mbavu za paka, unapanda ukishuka.

Halafu Bwana Afya akapiga chafya.

Aliinua kichwa, akatutazama wote kwa dharau yake ya kawaida, akajilamba mguu mmoja. Akashuka mapajani. Alienda upande mmoja kidogo kama mlevi wa pombe ya mpunga, akajisahihisha, akaelekea moja kwa moja kwenye sufuria ya dagaa chini ya rafu, akausukuma mfuniko kwa kichwa. Mfuniko ukaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyemfukuza. Alikula dagaa wa jioni ya watu wanne, na sisi wanne tulisimama tunamtazama kama tunaangalia misa.

"Halikuua," Bibi alisema, polepole, kama anayejaribu neno kama litashika.

Kisha akasema tena kwa sauti. "Halikuua!"

Na Bibi yangu, mjane mwenye magoti mabovu, ambaye sikuwahi kumwona akicheza hata kwenye harusi ya mwanawe, alisimama mlangoni akapiga kigelegele. Akapiga cha pili. Majirani walitoka mbio migombani wakidhani kuna aliyejifungua. Mmoja akauliza, "Mtoto gani?" na Bibi akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa naruka tu, sijui hata nilikuwa nasema nini.

Alipopata pumzi, Bibi aliigeukia ile ndoo.

"Veronika," akamwambia Mama, "haya machache. Nenda kakate mengine. Yale ya juu kabisa, yaliyoshiba."

Tulifanya kazi hiyo mpaka giza likaingia. Mjomba alikata, Mama alibeba, na Bibi mwenyewe alikaa mbele ya makaa akichoma kila tawi, maziwa yakilia kwenye moto, uso wake umejaa mwanga wa jiko. Bwana Afya alihamishiwa kwa Mjomba ili asirudie ukaguzi. Mjomba alimbeba kifuani kama mtoto, ananung'unika kwamba mkewe hapendi paka, ila niliona jinsi alivyomkinga na baridi kwa koti lake.

Jumapili altare yetu ilionekana kutoka ng'ambo ya mto. Sisemi kwa majivuno, au labda nasema kwa majivuno, sawa tu. Hakuna tawi hata moja lililolala. Padre alipofika kituoni kwetu alikaa muda mrefu kuliko vituo vingine, na yule mama wa kisamvu alikuja baadaye, akazunguka altare nzima akitafuta kasoro, akashindwa. Akamsalimia Bibi kwa heshima, kisha akauliza ni nani aliyepamba.

Nilimtazama Mama, nikijua sifa zile amezisubiri mwaka mzima. Mama akamtazama Bibi.

"Ni mimi," Bibi akasema, "na binti yangu Felista."

Alilisema mbele ya jumuiya zote, jua limetoka, watu wamejaa. Mjomba Kosmasi alivua kofia. Tangu siku ile jina hilo lilitajwa nyumbani kila jioni kwenye sala, na kila kipupwe palikuwa na kopo la ua la misheni mezani, juu, mbali na Bwana Afya, ambaye aliishi akazeeka akawa mnene wa kuchukiza.

Nilikaa na mambo haya miaka mingi kabla sijayapima kiutu uzima. Ukiyachukua kimahakama, paka kupona hakuthibitishi lolote kuhusu mtoto aliyekufa zamani. Bibi naye hakuwa mjinga kwa kuliogopa ua lile. Lina undugu wa kweli na mnyaa, ule wa kwenye uzio wa mashamba usio na majani, ambao maziwa yake yakikurukia jichoni utajuta kuzaliwa. Aliupatia ukoo, akaukosea ukali. Siku daktari wa mifugo aliponieleza kwamba mtoto kulichezea jani lile kwa kidole kusingemfanya kitu zaidi ya kuwashwa, nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje nikalia, nikitamani kumpigia Bibi simu nimwambie hakika imepatikana. Alikuwa ameshazikwa, kando ya Felista.

Kisha nikajifuta macho, maana nilikumbuka kwamba alizikwa akiwa na amani yake. Hakuisubiri sayansi yangu. Tangu jioni ile ya kigelegele mpaka siku yake ya mwisho, Bibi aliishi kama mama aliyefiwa, na hakuna tena, hata yeye mwenyewe, aliyemwita mama aliyeua.